Taulo la Msiba

Hadi saa nne asubuhi msiba wa Jui-fa ulikuwa umepata wageni watatu tu, na mmoja wao alikuwa mlevi aliyekosea uchochoro.

Turubai lilikuwa limefunika njia nzima kutoka ukuta hadi ukuta. Viti vya plastiki vilipangwa safi na havikukaliwa. Kwenye meza ya mapokezi makatoni ya mataulo meupe yalirundikwa hadi kidevuni mwa Kuo Shu-yin, aliyekaa nyuma ya meza amevaa kizibao cha rangi ya machungwa cha Mpango wa Fidia kwa Waathirika wa Uhalifu. Hakuja kukaa mezani. Alikuja kutoa pole na kumweleza mama wa marehemu haki zake, kama anavyofanya kwa kila kesi, kwa kuwa mpango wenyewe wilayani ni yeye, simu moja na mkurugenzi mmoja. Lakini hakuna mtu wa kijiji aliyetaka kuonekana pale mezani. Pwani ile yote ya Taiwan hufungua chaza kwenye banda la Bosi Tsou, na mtoto wa Bosi Tsou ndiye aliyempiga Jui-fa kwa nondo hadi akafa, kwa sababu Jui-fa aliuliza kwa nini mizani ya banda inapunguza chaza za mama yake.

"Kaa wewe, dada," binamu wa marehemu alikuwa amemwambia, huku akiangalia pembeni. "Wewe mtu wa serikali. Watakufanya nini?"

Lai Chiu-hsia, mama mwenyewe, hakuwepo turubaini. Kwa desturi mzazi hamsindikizi mwanawe kaburini. Shemeji yake alikuwa amemfungia chumba cha nyuma, pazia limeshushwa, asione hata kivuli cha jeneza. Kutoka mezani Shu-yin alikuwa akimsikia akikohoa.

Mara uchochoro ukanyamaza. Mwanamume wa makamo mwenye suti nyeusi aliingia polepole, nyuma yake kijana aliyeshika mwavuli na simu. Mwanamume alipokea ubani wa kuchoma, akainama mara tatu mbele ya picha ya Jui-fa, tena kwa kutulia, akainama chini kabisa. Kisha akaja mezani na kuweka bahasha nyeupe ya rambirambi kwa mikono miwili.

Mikono ya Shu-yin ilijiendea yenyewe. Anayeleta bahasha hupewa taulo la shukrani. Hilo hata mtoto wa chekechea analijua. Akachukua taulo kwenye katoni, akalitoa kwa mikono miwili, akainamisha kichwa. Ndipo akasoma jina kwenye bahasha: Tsou. Alipoinua macho, yule kijana, ambaye kumbe alikuwa wakili, alikuwa anarudisha simu mfukoni.

Bosi Tsou alikaa kiti cha mbele. Haikupita robo saa kijiji kikaanza kumiminika: mabinti wa bandani, madereva, wenye maboti, wake zao. Kumbe walikuwa majumbani wamevaa nguo nyeusi tangu alfajiri, wanangoja kuona kama ruhusa ipo. Mataulo yakaisha.

Jioni Shu-yin aliingia chumba cha nyuma na mzigo wa bahasha. Chiu-hsia alikuwa kitandani, vidole vyake vimezungushwa plasta kama kawaida ya wafungua chaza.

"Watu walijaa," alisema. "Nilisikia. Walikuja kwa ajili ya bosi au kwa ajili ya mwanangu?"

"Shangazi, bahasha yake ipo humu."

Chiu-hsia aliutazama ule mzigo. "Nani kaipokea?"

"Mimi."

"Na taulo ukampa."

"Nikampa. Sikujua ni yeye. Tunaweza kuirudisha."

"Bahasha nyeupe irudishwe?" Chiu-hsia alikaribia kucheka. "Binti, kumrudishia mtu hiyo ni kuwaombea kifo walio nyumbani kwake. Kesho kutwa akiumwa hata mafua watasema nimemroga. Nitaishi wapi mimi? Itumie tu kulipa. Waliopiga zumari wanangoja hapo nje."

Wakawalipa wapiga zumari.

Mwezi uliofuata Shu-yin alipigania malipo ya awali, zile fedha ambazo sheria inaruhusu mwathirika apewe mapema kabla kamati haijaamua. Aliyapigania kwa sababu Chiu-hsia alikuwa ameomba jambo moja tu. Hakuomba nyumba, wala kaburi la marumaru.

"Nataka nisikae tena kwenye banda lake," alisema. "Basi. Kila siku nakaa pale, anapita nyuma yangu, ananiuliza, 'Umekula, Hsia?' Na mimi najibu nimekula. Siku moja kisu hiki kitanikosea njia, binti, Mungu wa baharini anisamehe. Nitoe pale."

"Utafanya nini ukitoka?"

"Chochote kisicho na gamba."

Fedha zilipotoka alinunua mkokoteni wenye jiko la pipa, akaanza kuchoma viazi vitamu mbele ya shule ya msingi, mji wa pili. Shu-yin alipita huko kwa makusudi. Plasta zilikuwa zimepungua vidoleni. Chiu-hsia alimchagulia kiazi kikubwa kilichotoa asali, akakataa kulipwa, akamtania kwamba mwanamke mwenye umri wake na mshahara wa serikali angekuwa na mume mnene kufikia sasa. Shu-yin alirudi ofisini akila kiazi barabarani, na kwa mara ya kwanza katika miaka yake ya kazi hiyo alijiona ana faida duniani.

Kisha wakili wa Tsou akaleta picha.

Mkurugenzi Wei aliiweka mezani kati ya birika la chai na maganda ya mbegu za tikiti. Bosi Tsou ameinama kidogo. Taulo jeupe liko hewani. Makatoni yamemkinga mtoaji. Ulionekana mkono tu, na pindo la kizibao cha rangi ya machungwa.

"Huu mkono naujua," alisema Wei. "Wewe unaujua?"

"Ni wangu."

"Hapana. Ni mkono wa msibani." Alimwaga chai, akajaza kikombe cha Shu-yin pia. "Sikiliza, mdogo wangu. Mahakamani wamesema familia imepokea rambirambi, imerudisha shukrani, watu wamepatana. Kijana wa Tsou kapunguziwa kifungo, na sasa yuko nje kwa dhamana anasubiri rufaa apunguziwe tena. Sasa wanataka na sisi tutumie kile kifungu chetu cha kunyima fidia isiyofaa machoni pa jamii. Ukisimama kwenye kamati ukasema taulo ulitoa wewe, maana yake ofisi hii ndiyo iliyompatanisha muuaji. Mimi nitakuwa wapi? Na wewe, mkataba wako unaisha lini?"

Alijua unaisha lini. Ndiye anayeutia sahihi kila Desemba.

"Mama yake alikuwa ndani," Shu-yin alisema. "Hakumwona. Hakukubali kitu."

"Hilo liseme. Nani kakukataza? Sema mama alikuwa ndani. Ila mkono usiutaje."

Baba yake Shu-yin alikuwa kwenye nyumba ya wazee, analishwa kwa mrija puani, na nyumba hiyo haikuwa ya bure. Jambo hili Wei hakulitaja. Alimuuliza tu kwa upole, "Mzee anaendeleaje?" na Shu-yin akajibu anaendelea vizuri.

Kamati ilikaa watu saba, na mwenyekiti alikuwa mwendesha mashtaka mwenye sauti ya upole. Shu-yin alisimama. Alisema kwamba mama wa marehemu alikuwa chumba cha nyuma kwa desturi, mlango umefungwa. Kwamba mtu hawezi kupatana na mtu ambaye hakumwona.

"Hilo limeeleweka," alisema mwenyekiti. "Je, baadaye alijulishwa kwamba bahasha ipo?"

"Alijulishwa."

"Aliirudisha?"

"Mheshimiwa, bahasha nyeupe hairudishwi."

"Najua hairudishwi. Nauliza kama aliirudisha."

"Hakuirudisha."

Wajumbe waliandika. Daktari mmoja mstaafu, aliyekuwa anasinzia, alivuta picha karibu. "Huyu anayetoa taulo ni nani? Ndugu?"

Mkurugenzi Wei alikohoa, akafunika mdomo kwa kitambaa. Angeweza kusema. Neno lenyewe lilikuwa fupi, na watu wote walikuwa wamemgeukia kumngoja. Akamwona kichwani baba yake na mrija wake.

"Mtu aliyekuwa anasaidia msibani," alisema.

"Kwa niaba ya familia?"

"Kwa niaba ya familia."

Daktari akarudisha picha na kufumba macho. Ombi likakataliwa. Kwa kuwa ombi limekataliwa, malipo ya awali yakageuka deni la Chiu-hsia kwa Mpango. Aliyekuwa na kazi ya kulidai alikuwa Shu-yin.

Alimkuta mbele ya shule, akigeuza viazi kwa koleo. Ilikuwa mchana, watoto walikuwa madarasani. Alimweleza wima, bila kupamba, kwa kuwa hakuwa na pambo.

"Nirudishe?" Chiu-hsia aliuliza. "Nirudishe nini, viazi?"

"Fedha, Shangazi. Unaweza kuomba kulipa kidogo kidogo. Nitakusaidia kuandika."

"Ngoja kwanza, niweke sawa kichwani." Alifuta mikono kwenye aproni, kidole kimoja kimoja. "Aliyeua ni wao. Aliyekufa ni wangu. Anayedaiwa ni mimi."

Shu-yin alitamani ardhi ipasuke immeze. "Taulo nilitoa mimi. Kwenye kamati waliuliza. Nikasema lilitolewa kwa niaba ya familia."

"Taulo najua ulitoa wewe. Uliniambia siku ileile."

"Lakini sikuwaambia wao."

Chiu-hsia alimtazama. Shu-yin alitaka atukanwe. Alikuwa amejiandaa tangu kwenye basi. Angeona nafuu.

"Una mzazi?" Chiu-hsia aliuliza.

"Baba. Mgonjwa."

"Basi." Alifungua mlango wa pipa, akachungulia ndani. "Ungesema, mngekuwa wawili mnaolala njaa. Wangekufukuza, na mimi wangeninyima vilevile. Nawajua hao. Wewe unadhani wangekosa kitu kingine cha kushika?" Akafunga mlango. "Lakini ungesema, binti. Hata kama. Ungesema tu, nisikie mtu kasema."

Kengele ya shule ililia. Watoto wakatoka mbio na sarafu mikononi, na Chiu-hsia akaanza kuwahudumia.

Mkokoteni aliuuza kabla mvua hazijaanza. Haukutosha hata robo ya deni. Shu-yin aliandika barua ya kuomba asamehewe, kisha nyingine ya kuomba apunguziwe, na zote mbili zilirudi zikisema fedha ni za umma. Akajaribu kumlipia kidogo kutoka mshahara wake. Mhasibu akakataa, akasema ofisa haruhusiwi kumlipia mdaiwa wake, ni rushwa.

Siku ya Ijumaa, mvua ikinyesha, Bosi Tsou aliingia ofisini. Chiu-hsia alikuwa nyuma yake, amevua kandambili mlangoni ili asichafue sakafu.

"Dada, habari za kazi," Tsou alisema, akaweka hundi kwenye kaunta. Alikuwa mchangamfu, mtu asiye na makuu. "Nimesikia Hsia ana kadeni hapa. Mbona hamkuniambia? Huyu kanifanyia kazi tangu baba yangu yuko hai. Nimalizie lote."

Shu-yin alimtazama Chiu-hsia. Vidole vilikuwa vimerudi kwenye plasta.

"Shangazi, si lazima," alisema. "Kuna njia nyingine."

"Ipi?" Chiu-hsia aliuliza. Aliuliza kweli, kama mtu anayetaka kujua. Akangoja.

Shu-yin alivuta kitabu cha stakabadhi.

"Atanilipa kwa chaza," Tsou alisema. "Tunakatana polepole, hakuna haraka. Sisi ni watu wa sehemu moja. Yaliyopita yalipita, au siyo, Hsia?"

"Ndiyo, bosi."

Mkurugenzi Wei alitoka chumbani kwake kwa sauti ya hundi, akamkaribisha Tsou chai. Tsou akashukuru, akasema mtoto wake anamngoja garini. Wei alimsindikiza hadi mlangoni, na aliporudi alikuwa anasugua mikono. Alisema ni deni la kwanza mwaka huu kurudi kamili. Shu-yin aliweke kwenye ripoti ya Mpango, ukurasa wa mafanikio. "Wangekuwa wote na utu kama yule mzee," alisema.

Shu-yin alikuwa dirishani. Chini, kwenye maegesho, mtoto wa Tsou, yule wa nondo, alishuka upande wa dereva na mwavuli, akamfungulia Chiu-hsia mlango wa nyuma kwa adabu. Chiu-hsia alitoa mfuko wa plastiki kifuani, akautandika kwenye kiti cha ngozi, ndipo akaketi. Kijana akarudi kwenye usukani mbele yake. Kisogo chake kilikuwa kimenyolewa upya, karibu kiasi cha mtu kunyoosha mkono. Akarekebisha kioo, akageuka na kuuliza jambo, kidole kikielekea tundu la kiyoyozi.

Chiu-hsia alitikisa kichwa kwamba hapana, kiyoyozi hakimsumbui, na gari likaondoka.