Mkono Ulioinuliwa Kilimani

"Wewe pita uchi tu, sisi tutafumba macho! Lakini huyu mzee afumbe mara ngapi?"

Bosibori wa jirani alikuwa ameshasimama katikati ya njia, mkono mmoja kiunoni, mwingine umemshika kuku miguuni, kichwa chini. Kuku alikuwa wa kupelekwa soko la Keroka, lakini safari ilikuwa imesitishwa kwanza kwa ajili ya shughuli hii.

"Sijapita uchi, Bosibori. Hii ni suruali ya kukimbilia."

"Suruali! Hiyo ni ngozi ya pili, Phanice. Mzee Onyancha ni nani wako? Si baba mkwe wako? Kila asubuhi akisikia vishindo vyako anageuza kiti atazame migomba. Sasa shingo imekauka, tunamkanda na mafuta ya ng'ombe. Ni wewe utalipa daktari?"

Watu wakacheka. Walikuwa wameshatoka, maana ugomvi wa asubuhi haupitwi. Mmoja alikuja na mswaki mdomoni, mwingine na kikombe cha chai. Na kusema kweli, kwa jambo la mzee, Bosibori alikuwa na haki yake. Huku Nyamira, kati ya mke wa mtu na baba mkwe wake kuna heshima iitwayo chinsoni: hapiti mbele yake amevaa hivi hivi, naye hamwangalii. Onyancha alikuwa ndugu wa marehemu baba mkwe wa Phanice, kwa hiyo alihesabiwa baba mkwe mzima.

"Nimekosa," Phanice akasema, jasho likimtiririka. "Kuanzia kesho nitafunga leso. Tumemaliza?"

Yangeishia hapo, watu wakarudi kwenye chai yao. Lakini Bosibori alikuwa na ulimi usiojua kufunga mlango.

"Leso itafunika mapaja. Lile lingine litafunikwa na nini? Mwanamke amwache mumewe anakufa barabarani, yeye akimbilie medali?"

Kicheko kikakatika. Mwenye mswaki akautoa mdomoni.

Na hapo ndipo Phanice alipomwona mama mkwe wake, Nyakerario, amesimama langoni na kikapu cha majani chai mgongoni. Alikuwa amesikia yote. Macho ya watu yote yakamwendea, kila mmoja akingoja bibi atasema nini, maana neno lake moja lingetosha kumnyamazisha Bosibori. Nyakerario akakiweka sawa kikapu chake, akapita katikati yao, akaenda zake shambani.

Maneno ya Bosibori Phanice alikuwa ameyazoea, alishayasikia hata soko la Daraja Mbili anakouzia mitumba. Kilichomuua ni kile kimya. Tangu walipomzika Lewis, mume wa Phanice, mama mkwe wake hakuwa amemsemesha. Walikaa boma moja, wakaanika nguo kamba moja. Bibi alimwita ng'ombe kwa jina, akawatukana kuku, akamsalimu hata mwuza sabuni. Phanice akipita, ni kama moshi umepita.

Na mbio zenyewe zilianza kwa mzaha. Daktari alimwambia Lewis kwamba presha yake na lile tumbo havitafika mbali pamoja. Phanice akachambua belo zake za mitumba mpaka akapata jozi mbili za viatu vya kukimbilia, ya Lewis ya kijani na yake ya waridi. Siku ya kwanza Lewis alifika kwenye mto tu, akaegemea daraja akitapika chai. Majirani waliomwona walidhani anakimbizwa na askari. "Mbio tuwaachie Wakalenjin," wakamwambia, "sisi Mungu alitupa ndizi." Naye akajibu kwamba hata yeye ni ndizi, anaiva polepole.

Wakaiva pamoja. Wakajifunza kwamba mtu mzima haanzi mbio kama swala, kwamba kupanda kunataka hatua fupi, na kushuka ndiko kunakovunja magoti. Jumamosi, kama Wasabato wote wa huku, walikuwa kanisani, Jumapili wakakimbia mbali, mpaka kilima cha Nyangate na kurudi. Waliporudi walikaa kwenye ngazi ya mlango na ndoo ya maji ya moto, miguu minne ndani, wakisengenya kila waliyempita njiani. Wakakimbia mbio ndogo ndogo za hisani, wakapata fulana. Wakaanza kuota marathoni yenyewe, ile ndefu.

Katika hayo mazoezi waliwekeana sheria moja. Miguu ya Phanice ilikuwa myepesi zaidi, naye Lewis hakutaka kusubiriwa. "Ukinisubiri unanibebesha mzigo," alikuwa akisema. "Tangulia. Nitakukuta na maji yangu umeyashika."

Nusu marathoni ya Keroka hadi Nyamira iliwekwa Jumapili, maana huku ukiweka mbio Jumamosi utakimbia na waandaaji peke yao. Walianza bega kwa bega. Mwanzo wa kilima cha Nyangate Lewis akasema, "Tangulia," naye akatangulia. Alipofika juu aligeuka. Mumewe alikuwa mbali kule chini, kitu kidogo chenye fulana ya manjano. Akainua mkono. Phanice naye akainua wake, akaendelea.

Wakimbiaji wa nyuma walimkuta ameketi kando ya lami, mgongo kwenye jiwe. Wakadhani anapumzika. Mmoja hata alimtania. Wakati huo Phanice alikuwa ameshamaliza, amevishwa medali, anakula ndizi na kucheka na watu asiowajua, chupa ya pili ya maji ameishika mkononi.

Phanice aliwasimulia wanaukoo kwamba Lewis alimpungia mkono. Shangazi mmoja akauliza, "Mtu anayekufa anapunga?" Nyakerario alimtazama Phanice usoni kwa muda mrefu. Halafu akageuza kichwa, na hakumtazama tena.

Alasiri ya siku ile ya ugomvi, Phanice alikuwa akifua aliposikia sauti nyuma yake.

"Vaa viatu. Unipeleke."

Sabuni ikamponyoka. "Wapi, mama?"

"Unajua ni wapi. Mimi ile barabara sijapita tangu siku ile. Hata majani nayapeleka kwa njia ya mbali."

Wakaenda. Bibi alitembea kwa fimbo, na kila lori la Keroka lilipopita alisimama mpaka vumbi litulie. Walipofika chini ya kilima Phanice alimwonyesha lile jiwe. Hakuwa ameligusa hata mara moja. Kila alipokimbia hapa alivuka upande wa pili wa barabara. Nyakerario akaweka kiganja juu ya jiwe, kama mtu anayepima homa ya mtoto.

"Nawe uligeukia wapi?"

"Kule juu, penye ule mkaratusi uliokatwa."

"Nenda."

Phanice akaanza kutembea.

"Hapana. Kimbia. Si ulikuwa unakimbia?"

Akakimbia. Hatua fupi, kama walivyojifunza wawili. Kwenye kisiki akageuka. Chai ilikuwa imetanda kijani pande zote mbili, upepo ukiipapasa, na kule chini palikuwa na kitu kidogo chenye kitambaa cheupe kichwani.

Kitu kile kikainua mkono.

Phanice akakaza macho. Anaita? Anasema basi, yatosha? Anakinga jua? Mkono ulikaa juu, ukatikisika kidogo, ukakaa tena. Na kabla hajaamua, mkono wake mwenyewe ukainuka, ukapunga, kama siku ile.

Alipouona uko juu, woga ukamshika. Akateremka mbio, magoti yakimgonga, mpaka mbele ya bibi.

"Nilikuita," Nyakerario akasema. Sauti yake ilikuwa ikikwaruza. "Nilikuita kwa jina lako, tena na tena. Nilisema, Phanice rudi, nakufa. Nilipiga kelele mpaka hawa wachuma chai wakasimama wakanitazama."

"Sikusikia, mama. Haki ya Mungu sikusikia."

"Nimeona. Ukanipungia."

Phanice akakaa chini palepale kwenye changarawe. "Kwa hiyo aliniita," akasema. "Lewis aliniita, nami nikampungia."

Nyakerario akajishusha kwa fimbo, akakaa kando yake, mgongo kwenye lile jiwe.

"Nilikuja kuutafuta uwongo wako," akasema. "Nilisema moyoni, mwanamke huyu alimwona mwanangu anakufa, akachagua medali. Nimeutafuta huo uwongo hapa, nimeukosa. Kama alikuita, sijui. Kama alikwambia nenda, sijui. Tangu utotoni alikuwa hivyo, akianguka anasema ondokeni, msinishike. Hilo jibu amelala nalo. Mimi na wewe hatutalipata."

"Mimi nalitafuta kila asubuhi."

"Ndiyo maana unakimbia?"

"Nikilala nauona mkono wake uko juu. Nikikimbia hapa, naona barabara tu."

Bibi akamshika kifundo cha mguu, kwa nguvu, akalia. Hakulia kwa sauti ya msibani, ile ya kusikika mtaa wa pili. Alilia kidogo kidogo, kama anayekohoa. Phanice naye akalia. Bodaboda moja ikapunguza mwendo, mwenyewe akauliza kama kuna mgonjwa. "Hakuna," Nyakerario akamjibu. "Alikuwepo."

Walirudi jua likiteremka, bibi akiegemea bega la Phanice pale njia ilipopanda. Mwendo wenyewe ulikuwa wa konokono, wala hapakuwa na aliyetangulia. Bosibori aliwaona tangu mbali. Akauacha ufagio, akasogea kwenye ua wa misonobari, akatafuta tundu la kuchungulia. Hakuuliza kitu, na kwa Bosibori huo ulikuwa muujiza.

Ndani ya boma Phanice akaachia bega la bibi pale njia inapogawanyika, akashika ya nyumbani kwake, kwenye nyumba yenye kitanda kikubwa mno.

"Unakwenda wapi huko?"

Akageuka. Nyakerario alikuwa ameshafungua mlango wa jiko lake. Moshi wa kuni ulitoka, na nyuma yake harufu ya mboga chungu ya chinsaga iliyokesha kwenye maziwa.

"Mboga hii naipika kila siku kwa kipimo cha watu wengi, mkono umekataa kupunguza," bibi akasema bila kumtazama, akiinama kuchochea moto. "Nawa mikono, mwanangu. Ingia tule."