Kishimo cha Maji Matupu

Hivi umewahi kumwona mtu kasimama mbele ya mkubwa wake, sahani mkononi, na wala si sahani ya kulia, akakataa katakata kuiweka chini?

Kheiria, msaidizi wa kuandika majibu na kuyatia saini, alisimama hivyo huko Ansab, Maskati, Julai ya mwaka 2004, katika kijimaabara cha kupima ngozi. Sahani yenyewe ya plastiki, ina vishimo vidogo vidogo, kimoja hakitoshi hata chozi. Humo hutiwa maji yaliyokamuliwa kwenye vipande vya ngozi za watu walioungua, kisha hutiwa dawa za kwenye kiboksi, zinazoikamata kolajeni, ile inayoshika ngozi yetu isilegee. Kolajeni ikiwa nyingi, rangi ya manjano hukoza. Ikiwa kidogo, hupauka. Na kishimo kimoja hutiwa maji matupu, kiwe shahidi. Hicho lazima kibaki cheupe.

Siku ile kilikuwa cha manjano kama samli, sawasawa na wenzake wote.

Karatasi ya kiboksi inasema dawa zitolewe kwenye friji, ziachwe zipate joto la chumba. Basi wakazitoa, wakenda kusali adhuhuri, na Daktari Saeed, mwenye maabara, akazima kiyoyozi kama anavyozima kwake kila akitoka. Chumba cha Maskati, Julai, bila kiyoyozi! Waliporudi hata kalamu ilikuwa inaunguza, dawa zimeshaharibika kwa joto, nao wakazitia vivyo hivyo.

"Tia saini," akasema Daktari Saeed. "Wageni wanakuja laasiri kuchukua majibu."

"Nitie saini ya nini, Daktari? Maji matupu yana kolajeni?"

"Hicho kiache. Andika vilivyobaki."

Majibu yale ndiyo yatakayoamua walioungua wapakwe dawa ipi. Kheiria akaikumbatia sahani yake.

Nasriya, wa meza ya pili, akamvuta koti. "Shoga, tia tu yaishe. Utarudishwa kuosha chupa."

"Nimeosha miaka mitatu. Mikono imekatika?"

"Ala!" Daktari akavua miwani. "Daktari hapa nani, mimi au wewe?"

"Wewe. Na kiyoyozi umezima wewe."

Nasriya kicheko kikamtoka puani, akajitia kukohoa.

"Unanijibu hivyo, na wewe sawa na binti yangu wa mwisho?"

"Nnakujibu kwa adabu, baba. Saini ndiyo sikupi. Nirudishe kwenye chupa, nifukuze, nnajua njia ya kwetu."

Daktari akatazama saa, akatazama mlango, akamtazama Kheiria. Hakuteremsha macho yule mtoto. Mwisho mzee akavuta kiti akakaa kwa kishindo.

"Haya, wageni nitawaambia waje wiki ijayo. Na wewe sasa unataka nini? Sema!"

Miaka mitatu hakuna aliyemuuliza, naye miaka mitatu alikuwa akilimeza jibu lake pamoja na chai ya saa nne.

"Nnataka nipime mimi," akasema. "Tangu kutoa dawa mpaka kusoma rangi. Peke yangu."