Uzito wa Dereva

Barua ya chuo ilimfikia Muhonja kwenye simu miezi miwili baada ya kumzika mumewe. Ilimtaka aripoti tarehe sita Mei, saa mbili asubuhi, na nakala mbili za kitambulisho. Aliisoma mara moja, akaiweka simu chini, akaendelea kuchambua maharagwe.

Fomu yenyewe waliijaza mwaka uliotangulia, yeye na Isaiah, kiwanda cha sukari kilipofungwa na Muhonja akaachwa bila kazi. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa karani wa mizani, anapima trekta za miwa zinazoingia na kutoka. Isaiah ndiye aliyechagua kompyuta. Alisema mtu aliyekaa mbele ya skrini ya mizani miaka yote hiyo hawezi kuogopa skrini nyingine. Kisha Februari, jioni moja akinawa miguu uani, Isaiah alianguka. Walipofika hospitalini alikuwa ameshakata roho.

Muhonja hakulia. Kwenye mazishi wanawake walimtazama, wakatazamana, mmoja akamfinya mkono kana kwamba anajaribu kumwamsha. Alipika, akagawa sahani, akaandika majina ya waliochanga hema na viti. Watu walipoondoka alifagia uwanja.

Chuoni alikwenda kwa sababu alikuwa amepewa tarehe. Binti yake Beverly, wa gredi ya tano, alibaki nyumbani Musanda na nyanya yake, Ayuma. Muhonja akapanga chumba Shieywe, mjini Kakamega, chenye dirisha linalotazama ukuta wa jirani.

Somo lililomshinda kila mtu lilikuwa la kuunda programu kwa klasi na vitu. Kitabu chake kilikuwa kinene, cha Kiingereza, nakala ya fotokopi iliyobanwa kwa waya. Kila asubuhi kabla ya darasa Muhonja aliweka rula chini ya mstari, akasoma. Akifika mwisho wa ukurasa hakukumbuka neno hata moja. Alirudi juu. Haikumuudhi wala kumtia wasiwasi. Alirudi juu tu, kama mtu anayerudia kufua nguo ambayo doa halijatoka.

Mwalimu wao, Wanyonyi, kijana mpole mwenye sauti ya chini, alisema klasi ni maelezo ya jinsi kitu kilivyo, na kitu chenyewe huundwa baadaye kwa kufuata maelezo hayo. Alitoa mfano wa ramani ya nyumba. Kitabu kilitoa mfano wa gari. Wiki tatu zikapita Muhonja bado hajaelewa.

Siku moja kwenye maabara ya kompyuta aliketi karibu na Mitchel, msichana wa miaka kumi na tisa kutoka Matete, aliyekuwa akimwita Mama Beverly tangu siku ya kwanza.

"Sasa hii klasi yenyewe iko na nini ndani?" Muhonja akamuuliza.

"Haina kitu, Mama Beverly. Inasema tu kutakuwa na jina, kutakuwa na umri. Lakini jina gani, bado."

Muhonja akafikiri. "Kama kitabu cha tiketi ambacho hakijaandikwa."

"Tiketi ya nini?"

"Ya mizani. Kuna mstari wa namba ya trekta, mstari wa uzito, mstari wa jina. Vyote tupu. Trekta ikipanda, unajaza, unachana. Ile umechana ndiyo kitu."

Mitchel akacheka kidogo, si kwa ubaya. "Eeh. Ni hivyo tu."

Tangu siku hiyo kitabu kilianza kusomeka. Hakikumfurahisha. Kilisomeka, basi.

Mazoezi ya mwisho wa sura yalikuwa mengi, naye aliyafanya yote kwa mpangilio, hata yale mwalimu aliyoyaruka. Programu ilipokataa, maandishi mekundu yalijaa skrini. Wenzake wakiyaona walipiga meza, walifuta kazi yote, wengine walitoka nje kwenda kuvuta hewa. Muhonja aliyasoma. Alianza neno la kwanza akafika la mwisho, akatafuta namba ya mstari, akaenda pale, akakuta nukta-mkato imesahaulika au herufi kubwa mahali pa ndogo. Akarekebisha. Yakija mekundu mengine, akasoma hayo pia. Mambo mabaya ya mwaka huo yalikuwa yameshampata, na hayo mekundu hayakuwa miongoni mwake.

Kufikia mwisho wa Juni wanafunzi walikuwa wakimwita mama na kumletea makosa yao.

"Mathe, hii kitu imekataa kabisa," alisema Weldon, mvulana mwenye haraka ambaye kila mtu alimjua kuwa ndiye bora darasani. "Nimejaribu kila kitu."

"Umesoma imesema nini?"

Weldon akatikisa kichwa.

"Soma," Muhonja akamwambia. "Inasema mstari wa arobaini. Wewe unahangaika na wa kumi."

Hakuona kama ni jambo. Jioni alirudi chumbani, akasonga ugali, akala nusu. Alipiga simu Musanda. Beverly alimweleza mambo ya shule, naye akaitikia, na baada ya kukata simu alikaa akijaribu kukumbuka mtoto amesema nini.

Mwalimu Wanyonyi alipogawa kazi ya vikundi, Weldon na Mitchel walimwita Muhonja kwao. Walitakiwa kuunda programu ya biashara wanayoijua. Weldon alipendekeza mizani ya miwa, kwa kuwa nyumbani kwao pia walilima, na kwa kuwa mama mwenye ujuzi walikuwa naye. Lakini hakumuuliza. Alikwenda akaandika yote peke yake siku mbili, akaja nayo imekamilika. Muhonja aliitazama juujuu, akasema sawa. Wakati huo alisema sawa kwa karibu kila jambo.

Siku ya kuonyesha kazi, Weldon alisimama mbele ya projekta. Alikuwa na klasi ya Trekta, na ndani yake mstari wa namba, wa mwenye miwa, na wa uzito. Akapima trekta moja: tani kumi na nne. Darasa likapiga makofi.

"Ipime tena," Mwalimu Wanyonyi akasema. "Ikitoka, imeshamwaga miwa."

Weldon akaipima. Skrini ikaonyesha tani tano. Zile kumi na nne zilikuwa zimepotea.

"Sasa mkulima alileta miwa kiasi gani?"

Weldon akabofya hapa na pale. Masikio yalimwiva. Akaanza kusema ataongeza mstari wa pili wa uzito, na Mwalimu akamuuliza itakuwaje trekta hiyo hiyo ikirudi mchana, na kesho yake.

"Trekta haina uzito," Muhonja akasema.

Watu wawili watatu wakacheka. Alikuwa amekaa, mikono juu ya kitabu.

"Endelea, Mama," Mwalimu akasema.

"Uzito si wa trekta. Ni wa kule kupima. Trekta ni hiyo hiyo moja, lakini inakujanga mara nne kwa siku, na kila mara ni tiketi nyingine. Tiketi ndiyo inabeba uzito wa kuingia, ndiyo inabeba wa kutoka. Unatoa wa kutoka kwa wa kuingia, inabaki miwa. Kwa hivyo klasi ni mbili. Kuna Trekta, na kuna Tiketi inayoijua hiyo Trekta. Trekta yenyewe unaiacha."

Mwalimu Wanyonyi aligeuka, akachora visanduku viwili ubaoni na mshale katikati. Alitikisa kichwa kwa kukubali. "Na dereva? Yeye anashukanga mkipima?"

"Hashuki. Akishuka foleni inachelewa."

"Kwa hivyo anapimwa na miwa."

"Anapimwa akiingia na anapimwa akitoka. Ukitoa, anajiondoa mwenyewe. Jina lake linaandikwa kwa tiketi, lakini uzito wake hauko mahali popote." Akaendelea kwa sauti ile ile. "Mzee wangu alikuwa dereva. Miaka kumi na moja nimempima. Mara nne kwa siku, msimu wa miwa. Alikuwa anatoa mkono nje ya dirisha anasema, 'Mama Beverly, nimenenepa?' Sikuwahi kujua kilo zake."

Mwalimu alikuwa bado ameshika chaki. Mitchel alitazama chini. Muhonja aliona wote wanangoja, kama walivyongoja wale wanawake kaburini, na akapekua ndani yake kwa uaminifu kabisa aone kama kuna kitu cha kuwapa. Hakukuta.

"Tutaandika upya," akasema. "Siku mbili zinatosha."

Waliandika upya kwa siku tatu. Safari hii Weldon aliuliza kabla ya kuandika. Mitchel aliweka jina la dereva kwenye Tiketi, akataka kujua kama aliweke liwe la lazima, yaani tiketi isiweze kuundwa bila hilo. Muhonja akasema ndiyo, kiwandani ilikuwa hivyo. Kwenye majaribio Mitchel aliandika majina ya uongo, na hakuna aliyependekeza jina la Isaiah.

Walipata alama za juu kuliko vikundi vyote. Mtihani wa Agosti Muhonja alipita masomo manne, akaanguka hesabu. Mwalimu Wanyonyi alimwita ofisini, akamwomba muhula ujao awe akikaa maabara kila Jumanne kuwasaidia wanafunzi wapya.

"Nitawafundisha nini, Mwalimu?"

"Kusoma makosa. Mimi nimeshindwa kuwafundisha hilo."

Alisema sawa, na baadaye njiani akatambua kwamba sawa hii alikuwa ameifikiria kwanza.

Likizo alikwenda Musanda. Ayuma alikuwa amechinja ingokho, kuku wa kumpokea, na watu wa boma walikuwepo. Waliketi wakagawana vitu vya Isaiah, koti kwa kaka yake, baiskeli kwa binamu. Mzee mmoja alimuuliza Muhonja anachotaka, naye akasema redio, kwa kuwa chumba cha Shieywe kilikuwa kimya mno.

Watu walipotawanyika, Ayuma alimkuta jikoni akisugua sufuria.

"Wanasemanga hujalia mpaka leo," Ayuma akasema.

"Ni kweli, Mama."

"Mimi nililia siku ile ile nikamaliza. Sasa sijui nifanye nini." Mama mkwe akaketi juu ya gogo, akanyoosha miguu. "Huko shule mnafanya nini?"

Muhonja akasuuza sufuria, akaigeuza kifudifudi. Akaanza kumweleza habari za tiketi tupu na tiketi iliyojazwa, taratibu, kwa Kiluhya, na pale alipokosa maneno Beverly alikuja akakaa karibu, akauliza swali, na safari hii Muhonja akalisikia lote.