Mke Mmoja wa Karani

Mwandishi wa mchezo alisimama ghafla katikati ya ngazi za ukumbi, kitabu mkononi. Leo Alhamisi, onyesho Jumamosi, na ndiyo kwanza anagundua: kitabuni, yule mke mkali wa karani na yule mpenzi anayeandikiwa barua na karani ni mtu mmoja!

Hadithi yenyewe ni ya Kirusi, ya zamani, kurasa tisini tu. Lakini Warusi jamani! Mtu mmoja ana jina lake, ana la baba yake, ana na la kubembelezwa, na kitabu kinayarusha yote bila kukuonya. Yeye akaona majina mawili, akaandikia jukwaa wanawake wawili. Mke akampa shangazi yake, aliyekaa miaka kumi na miwili nyuma ya pazia akiwanong'oneza wengine maneno waliyosahau. Mpenzi akampa Kidoti, rafiki yake wa chuo.

Akapanda, akashuka, akapanda tena. Akinyamaza nani atajua? Mwongozaji mwenyewe hajakigusa kitabu. Lakini karani wao atamlilia mwanamke ambaye hayupo, na hilo lilimwasha kama upupu. Akaingia ukumbini, akayatapika yote kwa pumzi moja.

Mwongozaji akashika kichwa. "Umeniua! Haya, mmoja atoke. Chagua wewe."

Shangazi alikuwa kwenye gauni la mke, pindo bado lina pini. "Nitoe mimi, mwanangu. Pazia nimelizoea." Lakini vidole vilikuwa vimeling'ang'ania gauni.

"Shangazi anabaki," mwandishi akasema haraka, kabla hajaogopa.

"Makubwa!" Kidoti akatupa karatasi zake. "Barua za mapenzi aandikiwe bibi mzima? Usinisemeshe!" Mlango ukabamizwa.

Ikauma, lakini muda wa kulia haukuwepo. Mwandishi akaziokota karatasi, akampa shangazi barua ya kwanza. Mwigizaji wa karani akakaa mezani kwake jukwaani, kama kawaida, hatua tatu tu kutoka kitanda cha karani na mkewe.

Shangazi akasoma. Alipofika katikati akaishusha barua, akamgeukia karani.

"Baba, haya yote ni mimi? Mbona tunalala chumba kimoja na hujawahi kuniambia?"

Maneno hayo hayakuandikwa popote. Karani akainamisha kichwa.

"Hivyohivyo, shangazi!" mwandishi akapiga kelele, akipekua mkoba kutafuta kalamu. "Rudia hivyohivyo!"