Donge la Kwenye Dashibodi

Kwa masikitiko makubwa naungama kwamba nilitafuna ushahidi.

Shangazi alikuwa ananirudisha bweni baada ya kusimamishwa masomo wiki mbili. Mkobani alikuwa na barua ya kunidhamini shuleni, hajaitia saini. "Kituko kimoja tu," aliapa, "naichana." Bibi alikaa kiti cha mbele, kajifunika shuka hadi kidevuni, maana kiyoyozi cha gari kilitugandisha hata kikiwekwa nyuzi ishirini na sita. Tukasimama kwa fundi.

Shangazi alishuka kupiga simu. Bibi akasinzia. Fundi akainama kwenye dashibodi, penye kitundu chenye wavu.

"Ndani humu kuna sensa, kipima joto, dogo. Feni ndogo inavuta hewa mnayopumua, sensa inaipima. Ukiziba, inapima dashibodi iliyochomwa na jua. Inadhani mnaungua, inazidisha baridi."

Likizo iliyopita nilibandika chingamu papo hapo, nione kitakachotokea.

Fundi akang'oa donge la kijivu, linanata, lina nywele na mguu wa mende. Akaniwekea kiganjani. "Shika. Mama! Njoo uone donge hili."

Mifuko ya sare yetu huzibwa kwa uzi na shule ili tusifiche kitu. Viatu vya Shangazi vikakaribia, ko, ko, ko. Mfuko uliobaki ulikuwa kinywa.

Kwanza chumvi. Halafu uchungu wa dawa, halafu utelezi. Mguu wa mende ukanasa kwenye fizi.

"Liko wapi?" Shangazi akauliza.

"Nimempa kijana."

"Na wewe unatafuna nini?"

Bibi akazinduka. "Mwacheni mjukuu wangu, ni mimi. Kale katundu kalikuwa kananipulizia baridi. Nilikuta chingamu imelegea, nikaitupa, nikaziba kwa pamba ya sikio langu hili linalotoa usaha."

"Bibi," fundi akasema kwa upole, "kale kanavuta. Hakapulizi."

Sikusikia zaidi. Nilitapika juu ya viatu vya fundi: pamba, chai ya asubuhi, na habari yote ya chingamu.

Shangazi aliitazama pamba ile, akabana pua, akatoa kalamu.

"Natia saini," akasema. "Adhabu kama hii hata mwalimu wa nidhamu hawezi kuitoa."

Bibi, kwa huruma, akanipangusa mdomo kwa ncha ya shuka. Ncha ile ile anayofutia sikio.