Bafu la Fundi Kubahatisha

Nyumba yao ya kwanza ya kupangisha waliinunua ikiwa imechoka: paa linavuja, milango imevimba, na bafu ambalo hata mende walikuwa wamelihama. Mume alikuwa dereva, mke mshonaji, na ujenzi hakuna aliyeujua. "Tutajifunza humo humo," alisema mume. Akajifunza kweli, kwa kuharibu. Mke akambandika jina la Fundi Kubahatisha, naye akalipiza kwa kumwita Mama Mwenye Nyumba. Kwa majina hayo wakapaka rangi, wakaziba nyufa, na wakachekana mpaka majirani wakauliza wamekula nini.

Sakafu ya bafu ndiyo iliyokuwa kazi ya mwisho ya mume. Haikupita miezi mingi akazikwa. Daktari alisema ugonjwa ulikuwa tumboni, na ulikuwa umekaa humo siku nyingi.

Sasa mpangaji, mwalimu anayeishi na mama yake mzee, alikuwa amemfuata mjane hadi kwenye cherehani yake.

"Mama, mimi si mtu wa kulalamika ovyo. Lakini maji ya bafuni yanarudi mlangoni badala ya kwenda kwenye tundu. Jana mama kateleza. Kama hapatengenezwi tutahama tu, maana sina mama wa akiba."

Mjane alilijua dimbwi lile tangu mwanzo. Alikuwa akilipoza kwa tambara na maneno matamu. Kuvunja sakafu ile aliona ni kumzika mumewe mara ya pili, na maziko ya kwanza yalikuwa bado hayajamtoka. Lakini mzazi wa mtu hachezewi. Akamwita mwashi.

Mwashi akamwaga ndoo ya maji, akayatazama yanavyorudi miguuni pake, akacheka. "Aliyeweka vigae hivi alikuwa anakimbilia wapi?"

"Ni marehemu mume wangu."

Kicheko kikamkauka. "Nisamehe, mama. Sikujua."

"Hukukosea. Nipishe kidogo tu."

Akaingia peke yake, akachuchumaa kwenye kona ya ndani, penye tundu la maji, akapitisha kiganja juu ya vigae kama alainishavyo kitambaa kabla ya kukikata. Mistari ya kona ile ilikuwa imenyooka. Aliyeiweka alikuwa amepima, tena kwa subira. Kadiri alivyofuata kuelekea mlangoni, mistari ilianza kuyumba, na saruji ya chini ikapungua. Kwenye kizingiti vigae vilikuwa vimebandikwa tu, kazi ya mtu anayetaka kumaliza kabla hajaanguka.

Ndipo alipokumbuka kigoda.

Siku ile yeye alikuwa chumbani akipaka dirisha rangi, mume akamwita kutoka bafuni. "Mama Mwenye Nyumba, hebu niletee kigoda." Naye akamjibu bila hata kugeuka, "Fundi gani anaweka vigae amekaa? Chuchumaa, mzee, acha uvivu." Mume akacheka. Hakuomba tena.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mume alipenda kuusema msemo huo kila akishika mwiko. Akaziba nyufa zote za nyumba, wa kwake akauficha, asije akamharibia mkewe raha ya nyumba yao. Na mke, ambaye jicho lake halipitwi na mshono uliokosewa, hakuona kitu. Akaketi palepale kwenye unyevu akalia kwa sauti, asimjali mwashi wala mpangaji.

"Kigoda tu," alisema. "Kaniomba kigoda tu."

Alipotulia akamwita mwashi. "Hii mistari ya kona iache."

Mwashi akainama, akaigongagonga, akatikisa kichwa taratibu. "Ningependa, mama. Lakini nikiiacha, maji yatapenya kwenye maungio na vigae vitainuka. Yule bibi atateleza tena."

"Basi vunja."

Akavunja. Mjane akavizoa vipande kwa mikono yake mwenyewe, vya kona akaviweka kando. Mwashi alipomaliza kumwaga saruji mpya na kuchuchumaa aanze kupanga vigae, akaona kigoda kimewekwa ubavuni pake.

"Mimi nimezoea hivihivi, mama," alisema.

"Najua. We kaa tu."

Mwashi akamtazama usoni, kisha akakivuta kigoda akakaa. Sakafu nzima akaiweka amekaa, na kazi ikamchukua muda mrefu kuliko kawaida yake.