Meno ya Mahindi

Nina hasira za karibu, sikatai. Lakini siku ile Hilari alizitafuta kwa tochi.

Mimi ni Zamda, mpiga ngoma wa tawi la mashabiki wa mpira la Ng'ambo, hapa Tabora. Tawini kuna wanaume hamsini. Wanawake ni mimi na Marcelina tu, na bila ngoma yangu hao wanaume hawajui hata waanzie wapi kuimba. Hilari alipokuja kutoka Dodoma kutengeneza filamu ya vichekesho kuhusu mashabiki, alifikia kwetu. Yeye Mgogo, mimi Mnyamwezi: watani tangu babu zetu walipokuwa wakipita kwao na mizigo ya pembe kwenda pwani. Mtani humfichi kitu. Akaniuliza pengo langu limetoka wapi, nikamwambia huku namtania: mume niliyeachana naye aling'oa meno mawili kwa ngumi, siku niliyorudi kutoka uwanjani na ngoma begani. Alicheka, nami nikacheka.

Wiki iliyofuata nikakuta kisa hicho kinarekodiwa mchana kweupe, uwani kwa Marcelina. Dionis, shabiki mwenzetu wa tawini, kavishwa kanga, mto matakoni, wanja hadi mashavuni. Hilari, aliyejipa nafasi ya mume, anamzaba kofi. Dionis anabiringika, anatema punje mbili nyeupe za mahindi. Wanaume niliowaimbisha miaka kumi wakashika mbavu kwa kicheko.

Niliumia kuliko siku ya ngumi yenyewe. Kinywa changu kitachekwa hivyo kila ukumbi, kuanzia Sikonge hadi Dar es Salaam, na mimi nikiwa hai.

"Kitoe hicho kipande," nikamwambia Hilari.

"Ah, Zamda! Mtani hakasirikiwi," akasema. "Halafu si ulilalamika wanawake hawaonekani kwenye filamu? Huyo hapo, kaonekana."

"Huyo ana ndevu."

"Basi cheza mwenyewe."

"Haya."

Marcelina akanishika mkono. "Dada, achana nao." Sikumsikiliza. Nilikataa mto, nikakataa na mahindi. Nikasimama na ngoma yangu begani, mkononi mkwiro wa mninga ninaoipigia.

Kofi la Hilari lilikuwa la kuigiza, lilinigusa sikio tu. Mimi sikuigiza. Mkwiro ulimpata mdomoni, akaanguka chali. Nikampiga bega, nikaupiga mkono alioinua kujikinga, nikaupiga tena mpaka nikasikia mfupa ukivunjika. Na sitadanganya, nilifurahi. Tawi lilikuwa hoi kwa kicheko. "Mwongeze, Zamda!" Mpiga picha hakuzima kamera. Hilari akageuka ubavu, akatema vitu viwili vyeupe mchangani, nao wakacheka hadi machozi.

Marcelina akainama, akaviokota. Akavitazama, kisha akaniwekea kiganjani. Vilikuwa na mizizi.

Nikapiga goti, nikavitia katika mkono mzima wa Hilari.

"Mtani," nikamwambia, "cheka basi."

Alijaribu, maskini. Damu ikamtoka puani na mdomoni, akalia. Nikainua kichwa kulitazama tawi langu. Wanaume wote hamsini walikuwa kimya, wengine wamevua kofia, hakuna aliyethubutu hata kukohoa.

Kumbe kunyamaza wanajua.